Kichupa cha Dereva

Sehemu ya Saba

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naliweka hili mezani mapema ili msihangaike kumtafuta. Si Peddie, wala si mkwe wangu Crawford na suruali yake ya mirabamiraba kama pazia la hoteli. Ni mimi, Wattie Durno, dereva na kiongozi wa watalii, mtu anayepata riziki kwa kuwatania wajinga wanaopanda basi lake.

Wiki iliyopita tuliachana jicho langu likiwa kwenye ufa wa mlango wa stoo, nyuma ya ukumbi wa kuonjea wiski katika kiwanda cha Tarrach. Nilikuwa nimekwenda kuchukua kichupa changu kama kawaida. Nikaona kitu kilichonifanya nishike ukuta.

Struan Peddie, mtunza ukumbi, alikuwa ameinamia ndoo.

Ndoo yenyewe ni ile ya shaba inayokaa katikati ya meza, ili mtalii akionja asichokipenda akiteme humo, au amwage mabaki ya glasi yake. Ikifika alasiri huwa imejaa nusu: wiski ya rangi ya chai, mate ya mataifa manane, na povu ambalo sitaki kulieleza kwa watu wanaosoma gazeti wakila.

Peddie alikuwa akichota humo kwa kikombe. Anamimina kwenye kichujio cha chai, tena kichujio chenye tundu la kupita kidole. Kichujio kiko juu ya faneli, faneli iko mdomoni mwa kichupa. Na kichupa kimeshabandikwa karatasi safi yenye maandishi ya dhahabu: KWA DEREVA WETU, NA SHUKRANI.

Alikuwa anapiga mluzi. Akatoa kitu kwenye kichujio kwa ncha ya kidole, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakipangusia kwenye sketi yake ya kilti.

Nikameza mate. Kisha nikajuta kuyameza.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nieleze kwa nini nilishika ukuta.

Huku kwetu dereva wa watalii haonji kitu. Polisi wa barabarani hawana utani. Kwa hiyo viwanda vyote vya bondeni vina desturi moja: toti za dereva humiminwa kwenye kichupa, kikafungwa vizuri, akaenda nacho kwake. Wenzangu huvinywa jioni hiyohiyo, viatu wamevua na miguu iko juu ya kiti. Mimi nilijiona nina akili kuwazidi. Kila kichupa cha Tarrach nilikimimina kwenye kijipipa cha mwaloni alichoniachia baba, nikakiweka bandani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kingoje harusi ya binti yangu Shona.

Harusi ilikuwa siku mbili mbele, Jumamosi. Na mchana wa siku ile ya ndoo kijipipa kilikuwa kimeshafunguliwa.

Nilikifungua kwa ajili ya Crawford Melrose, baba yake Innes, bwana harusi. Wakili mstaafu wa Edinburgh, mtu wa kupangusa kiti cha basi kwa leso kabla ya kukaa. Asubuhi kwenye kibanda cha chai alirudisha kikombe mara mbili, eti kina alama ya mdomo wa mtu. Kwa mzee wa namna hiyo, mwanawe kumwoa binti wa dereva ilikuwa nywele kwenye supu. Basi nikawaalika, yeye na mkewe Bi Lorna, wapande basi langu pamoja na watalii, safari ya siku moja, waione nchi yetu, roho zipoe.

Hakupoa. Kwenye uwanja ambapo koo mbili zilichinjana kwa ajili ya ng'ombe, aliuliza choo kiko wapi. Kwenye kasri alisema ngazi zinanuka kondoo. Lakini tulipofika kwenye magofu ya kanisa, visubi vikitutafuna masikio, nilimjazia kikombe cha ukoo kutoka kwenye kijipipa, nilichokuwa nimekipakia kwenye basi. Kikombe cha fedha, kifupi, cha mikono miwili. Ndicho maharusi wanachonywea pamoja, kisha kikazunguka kwa ndugu wa pande zote, na mkishakinywea nyinyi ni wamoja.

Crawford akapangusa ukingo kwa leso. Akanusa. Akanywa. Akafumba macho.

"Siagi," akasema. "Keki. Waridi, kwa mbali. Na mwisho kabisa... mnanaa!"

Akanywa cha pili. Akanywa cha tatu. Akanipa mkono.

"Mkwe," akaniita, mara ya kwanza tangu nimjue, "nyumba inayotunza kinywaji kama hiki ni nyumba ya kuoa. Jumamosi kitanywewa hiki, si kingine."

Shona, aliyefuatana nasi safarini, alikwenda kulia kwa furaha nyuma ya jiwe la kaburi.

Sasa mnaelewa. Nikaupiga mlango wa stoo teke.

"Wattie!" Peddie aliruka. "Umenishtua, bwana. Si ungebisha hodi?"

"Hiyo ni nini, Peddie?"

"Kichupa chako."

"Ndani kuna nini?"

"Wiski."

"Ya nani?"

Akafikiri kidogo. "Ya wengi," akasema.

Nilimsogelea. Chumba kizima kilinuka kama kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Peddie, nitakuvalisha hiyo ndoo."

"Tangu mwanzo, basi! Punguza sauti, kuna wageni. Na usijifanye umeonewa, ndugu yangu. Wewe mwenyewe ulinisifu! Ulikuja hapa baada ya mwaka mpya, ukanishika bega, ukasema, 'Peddie, wiski yenu ina ladha ya keki.' Nilitaka kukwambia siku ile ile. Nikaona umefurahi sana."

"Ile keki..."

"Biskuti za siagi. Watalii wanatafuna huku wanaonja. Wengine hawajui kufunga mdomo."

"Na waridi?"

"Rangi ya midomo. Inaelea juu."

Sikutaka kuuliza la tatu. Ulimi ukauliza wenyewe. "Mnanaa?"

Peddie aliteremsha macho kwenye sketi yake, pale alipopangusia kidole. Chingamu ilikuwa imeganda hapo, ya kijivu, ina alama za meno.

Niliona kijipipa cha baba machoni mwangu. Niliona jinsi nilivyokuwa nikikitikisa kila mwezi na kukibembeleza kama mtoto. Nikakumbuka kwamba usiku wa mwaka mpya nilijitilia wiski ya kina cha vidole viwili, nikaiweka chini ya ulimi, nikaizungusha polepole ili nisipoteze hata ladha moja.

"Na toti zangu za halali zinakwenda wapi?"

Peddie akapiga tumbo lake taratibu. "Wewe huzinywi hapa. Mimi naona uchungu zikikaa bure."

"Madereva wote unawafanyia hivi?"

"Hapana! Wewe tu."

"Kwa nini mimi?"

"Wenzako wananusa kabla ya kushukuru."

Nilimkamata kola. Ningemfanya kitu ambacho mhariri asingekubali kukichapa. Ila wakati huohuo, kutoka ukumbini, ikasikika sauti ya mtu aliyezoea mahakama.

"Mabibi na mabwana! Wekeni chini hizo glasi za kiwanda. Mimi nitawaonjesha wiski!"

Nikamwachia Peddie. Peddie akanitazama.

"Nani huyo?"

"Mkwe wangu."

"Ana nini?"

"Ana kijipipa changu."

"Kijipipa cha nini?"

"Cha vichupa vyako vyote, mshenzi wewe. Miaka mitatu."

Naapa, rangi ilimtoka. "Uliviweka?" akanong'ona. "Si vya kuwekwa vile, Wattie! Vile ni vya kunywa na kusahau!"

Nilitoka mbio. Nikachelewa.

Crawford alikuwa ameshakitoa kijipipa kwenye basi na kukisimamisha juu ya kaunta, bomba la mbao limeelekea kwa wageni. Watalii wamepanga foleni. Yeye anamimina, uso mwekundu, leso begani kama mhudumu.

"Mkwe wangu ni mtu wa haya," alikuwa akiwaambia. "Hawezi kujisifu. Nitamsifia mimi! Tafuteni siagi. Tafuteni waridi."

Mama mmoja mnene, midomo imepakwa rangi nyekundu ya kuwaka, taya zinatafuna, akanywa kidogo, akainamisha kichwa.

"Ajabu," akasema. "Nahisi kama nimeshawahi kuionja."

Peddie akanisogelea sikioni. "Yule alikuja mwaka jana."

Nikapenya foleni hadi kaunta.

"Mkwe," nikasema, nikiziba bomba kwa kiganja. "Mkwe, tuache kidogo. Nadhani imechacha."

"Imechacha? Wiski haichachi, mtu wangu."

"Hii inaweza."

Akanitazama chini ya nyusi. Nikaona lile tabasamu la magofuni linaanza kuondoka, kidogo kidogo, kama jua la huku.

"Aa," akasema. "Naona. Mchana ulinipa mwenyewe, sasa unaona wageni wanakunywa, roho inakuuma. Nilimwambia Innes, watu wa mabondeni ni mkono wa birika. Watoto wao, je? Tutalishwa nini huko mbele?"

Watalii wakacheka. Mmoja akanipiga picha, kiganja changu kikiwa kwenye bomba.

Mkono ukanishika kiwiko. Shona. Akanivuta mpaka mlangoni, kwenye chungu cha maua.

"Baba, umerukwa na akili? Mchana ndiyo kwanza nimeona meno ya yule mzee. Mwache amimine!"

Nikamnong'oneza. Nilianza na ndoo, nikamalizia na chingamu. Mnanaa sikuutaja. Aliufikia mwenyewe.

Uso wake ukawa wa rangi ya jibini.

"Nilikunywa viwili, Baba."

"Najua."

"Cha pili nilikuomba mwenyewe!"

"Najua, mwanangu."

Akainamia chungu cha maua. Maua yale hayakuwa na kosa lolote. Aliponyanyuka alijifuta mdomo kwa mkono wa sweta, akageuza macho kaunta.

"Anajua?"

"Bado."

"Asijue." Alinishika koti kwa mikono yote miwili. "Baba, nisikilize. Anatafuta sababu tangu Krismasi. Mara lafudhi yangu. Mara viatu vyangu. Mara Mama hakumjibu barua. Ukimpa hii, hakuna harusi, na Innes hana kifua cha kumpinga baba yake, unamjua. Jumamosi ikipita, mwambie. Mtungie wimbo ukipenda. Lakini si leo."

"Na Jumamosi mtakunywa nini? Hiki? Wewe na mumeo, mbele ya kasisi?"

"Utakimwaga usiku, utatia kingine."

"Yule atanusa. Atauliza siagi imekwenda wapi."

"Basi tia siagi!"

Mnaona tulipofikia. Binti yangu, niliyemlea kusema ukweli hata ukimchoma, ananifundisha kupaka wiski siagi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kupiga hesabu ya siagi.

Nilikuwa nimeshakubali. Nawaambia wazi, nilikuwa nimeshatikisa kichwa. Crawford amekunywa, na mimi kumwacha Crawford na mate ya dunia nzima tumboni ningeweza, na usiku nikalala fofofo.

Ndipo akaita.

"Lorna! Njoo hapa. Leo utakunywa."

Bi Lorna alikuwa amekaa dirishani na kofia yake ya sufi. Tangu asubuhi alikuwa amesema maneno mawili, "asante" na "mvua". Pale magofuni kikombe kilipomfikia, mumewe alikichukua juujuu, akasema mkewe hanywi, akakipangusa na kukijaza tena kwa ajili yake mwenyewe. Katika ukumbi ule mzima kilikuwa kimebaki kinywa kimoja kisafi, nacho kilikuwa chake.

Alinyanyuka, akajongea. Crawford alikuwa ameshakijaza kikombe cha fedha hadi ukingoni.

"Hiki ni kikombe cha ukoo," akawaeleza wageni kwa sauti ya hukumu. "Mke wangu akikinywea mbele yenu, koo zetu zimeungana. Jumamosi ni kukamilisha tu. Kunywa, Lorna."

Shona alinibana kiwiko mpaka mfupa. "Baba, tulia. Ni tone moja tu."

Bi Lorna akakipokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka. Akanitazama juu ya ukingo, akatabasamu. Tabasamu la mtu ambaye hualikwa mara chache.

"Asante, Wattie," akasema. "Kwa siku nzuri."

Akakiinua.

Nikakipiga kibao.

Kikombe kiliruka, kikagonga kaunta, kikabingiria sakafuni kikilia kama kengele ya kanisa. Wiski yote ikamwagikia suruali ya Crawford, kuanzia mkandani kwenda chini, mahali pabaya kabisa kwa mtu wa heshima.

Yule mama aliacha kutafuna.

"Umempiga mke wangu," Crawford akasema taratibu.

"Nimepiga kikombe."

"Umemnyima mke wangu tone la wiski, mbele za watu, mikononi mwake!" Sauti sasa inapanda. "Hakuna harusi! Mmesikia? Innes haoi kwenye nyumba hii. Msichana, vua hiyo pete!"

Shona akaficha mkono nyuma, kama mtoto.

Ikabidi niseme. Nilisema yote, mbele ya watalii wote, kwa sauti ileile ninayowaelezea vita na makasri. Kichupa. Ndoo. Kichujio. Bandani. Magofuni. Kadiri nilivyosema, ndivyo glasi zilivyokuwa zinarudi mezani moja moja, taratibu, kila mtu akisukuma yake mbali kwa kidole kimoja.

Yule mama wa midomo myekundu akaziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia meza ya katikati atafute pa kutemea. Akaikuta ndoo. Akaitazama ndani.

Alitapika kabla hajawahi kuinama.

"Uzushi!" Peddie alipiga kelele. "Kashfa! Mimi nina miaka kumi na mbili hapa! Wageni wangu, huyu dereva amelewa!"

"Njoo uninuse," nikamwambia. "Au hujui kunusa, wewe?"

Nikakishika kijipipa. Nikavuta kizibo kikubwa cha ubavuni, kile ambacho hakifunguliwi ila wakati wa kutilia. Nikachukua sahani nyeupe ya biskuti, nikaiweka kaunta, nikainamisha kijipipa juu yake kama mtu anayekamua ng'ombe mzee.

Kwanza ikatoka wiski, ikajaza sahani, ikamwagikia kaunta na sakafu. Kisha ikawa nzito. Ukaja uji wa biskuti, rangi ya udongo, unadondoka mabonge mabonge. Kisha chingamu, vipande vidogo vigumu, ka, ka, ka, kwenye sahani. Kisha kitu kikakwama tunduni. Nikatikisa. Kikatoka.

Ukucha wa bandia. Mwekundu, mrefu, umepakwa vizuri.

Nimeona mambo. Nimeshatoa kondoo aliyekufa chini ya basi nikala chakula cha mchana baadaye. Siku ile nilitamani nivue ulimi wangu niuache pale.

Kijana mmoja mtalii akatoka nje kwa kasi. Wawili wakamfuata. Mvua ilikuwa inanyesha, nikawasikia wakisaidiana.

Nikamgeukia Crawford. Nilikuwa tayari kumshika kichwa atapike. Huyu aliyerudisha kikombe cha chai mara mbili! Nilimwona anautazama ule ukucha, koo linapanda na kushuka, linapanda na kushuka.

Kisha akanyoosha tai.

"Huo ukucha," akasema, "umeutia wewe."

"Nini?"

"Umeutia wewe sasa hivi. Mimi nimeonja wiski tangu kabla hujajua kuendesha baiskeli. Nimesema mbele ya mashahidi, magofuni na hapa, kwamba hii ni wiski ya daraja la kwanza. Sikukosea. Mimi sikosei."

"Mkwe, tazama sahani."

"Sitazami sahani, natazama mtu! Unaona uchungu na kijipipa chako, sasa umebuni uchafu ili nisikuguse."

"Mzee ana pua," Peddie akadakia. "Nilijua tangu alipoingia. Hii ni pua ya watu wa zamani."

"Peddie, nyamaza."

"Nasema tu."

Crawford akapiga kaunta kwa kiganja, pua imeinuka. "Sikilizeni sharti langu. Jumamosi kinywaji kilichobaki humu kitakuwa kwenye kikombe cha harusi, kama nilivyosema. Kisipokuwemo, mwanangu hatakuwemo kanisani."

Hapo ndipo nilipokoma. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mtu atakayevunja harusi kwa sababu amekunywa uchafu. Sikujiandaa kwa mtu atakayeivunja kwa sababu sisi tunakataa kuunywa!

"Baba Innes," Shona akasema, "kuna ukucha."

"Ladha ni ladha, binti."

"Una rangi!"

"Unakunywa au hunywi?"

Shona akanitazama. Nikamwona anapima. Nawaapia, alikuwa anapima, huyu mtoto, kama anaweza kufumba macho keshokutwa, ameze mate ya mabasi, apate mume wake. Machozi yakamjaa. Mkono wake wa pete ukaanza kutoka nyuma.

"Lete chupa zako za mjini, mkwe," nikasema haraka. "Tia zako. Mimi nimeshindwa, nakubali. Tia unachotaka."

"Nataka hii."

"Ni mate!"

"Ni ya daraja la kwanza!"

"Ni mate ya daraja la kwanza, basi!"

"Umesikia? Amekubali daraja!" Peddie akashangilia.

Tukaanza kusema wote kwa pamoja. Crawford ananiita mwongo, mimi namwita Peddie mwizi, Peddie anamwita Crawford mheshimiwa, Shona analia, watalii wanachukua upande, na mmoja, sijui ametoka wapi, anauliza kama zawadi za dukani zimejumuishwa kwenye tiketi.

Katikati ya kelele hizo, Bi Lorna aliinama.

Akaokota kikombe sakafuni. Akaenda nacho kwenye meza ya pembeni, kwenye jagi la maji ya kijito ambayo hakuna anayeyagusa kwenye safari ya wiski. Akakisuuza. Akakinusa. Akakisuuza tena, akakifuta kwa kitambaa cha shingoni mwake, ndani na nje. Akakijaza maji.

Akanywa. Akaufuata ukingo kwa kidole gumba, bila kuupangusa, akampa Shona kwa mikono miwili.

"Kunywa, mkwe wangu," akasema. "Ni maji tu. Na Jumamosi yatakuwa maji, na nitamleta Innes mwenyewe, hata kwa kumshika sikio."

Shona akanywa huku analia, akanipa mimi. Nikanywa. Yalikuwa baridi hata meno yakaniuma, na ndicho kitu cha kwanza kisafi kilichopita kooni mwangu kutoka Tarrach.

"Lorna!" Crawford alikuwa amebadilika rangi. "Rudisha hicho kikombe! Sijakubali. Sijaruhusu! Unanifanya nionekane kichekesho kwa ajili ya porojo za dereva. Narudia mbele ya watu hawa wote: kilichomo kwenye pipa lile ni wiski ya daraja la kwanza, na hakuna mtu aliyewahi kunidanganya kwa kinywaji!"

Bi Lorna hakupandisha sauti. Aliinamisha sahani, akaimimina taratibu kwenye glasi safi, wiski, uji wa biskuti, chingamu, na ukucha mwekundu uliozama mwisho. Akaisogeza mpaka ikagusa vidole vya mumewe.

"Miaka thelathini ya ndoa, Crawford, hujawahi kugusa kikombe nilichotangulia kunywa mimi mkeo. Leo umekunywa midomo ya mabasi ya miaka mitatu. Haya, malizia na hii glasi."